Vani ya malazi iliyotumika inapochemsha kwenye milima ya Bukavu: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya yanahusu zaidi vani za dizeli zilizoingia nchini zikiwa zimekwisha kutumika kwingine, hasa Toyota HiAce na Mitsubishi Delica, ambazo mwenyewe amezitengeneza ndani kwa kitanda, jiko dogo na tangi la maji ili aweze kulala safarini, iwe anaelekea hifadhi ya Kahuzi-Biega au anashuka Uvira. Mengi ya yaliyoelezwa yanafaa pia kwa basi dogo la abiria lenye injini ya aina hiyo.

Kwa nini vani yangu haichemshi mjini wala kwenye barabara ya Kavumu, lakini inachemsha kila nikipanda Ngomo?

Swali hili ndilo la kuanzia, kwa sababu saa na mahali gari linapochemsha hueleza ugonjwa wake kuliko dalili nyingine yoyote. Ukitoka Kamanyola, kwenye joto la bonde la Ruzizi, na kuanza kupanda mlima wa Ngomo kuelekea Nyangezi, injini inafanya kazi kubwa kwa muda mrefu huku gari likienda polepole, kwa hiyo joto linalozalishwa ni jingi na upepo unaopita kwenye rejeta ni mdogo. Mfumo wa kupoza wenye afya hulimudi jambo hilo. Mfumo uliopoteza theluthi moja ya uwezo wake, kwa mirija iliyoziba au feni iliyochoka, utakuficha udhaifu huo kwenye tambarare na kukuumbua mlimani.

Kinyume chake, gari linalochemsha likiwa limesimama kwenye msongamano wa Nyawera, kisha linapoa likianza kutembea, kwa kawaida lina tatizo la feni. Linalochemsha likienda kasi kwenye barabara nzuri lina rejeta iliyoziba au maji yasiyozunguka vya kutosha. Linalochemsha dakika chache tu baada ya kuwashwa asubuhi, hata kabla ya kupewa kazi yoyote, huenda thamostati yake, yaani vali inayofunguka kwa joto ili maji yaende kwenye rejeta, imeganda ikiwa imefungwa, au maji yamepungua sana, au gasketi ya silinda hedi, ile inayoziba kati ya injini na sehemu yake ya juu, imeanza kupitisha moto. Kabla ya kumwita fundi, andika kwenye karatasi lini hasa mshale wa geji ya joto ulipanda, gia gani ilikuwa imeingia, na kama ulikuwa na mzigo. Fundi mzuri atakuuliza hayo kwanza, na asiyeuliza hata moja kati ya hayo, ukamwona tayari ameshika spana, mwombe asubiri.

Je, mwinuko wa Bukavu kutoka usawa wa bahari una uhusiano wowote na jambo hili?

Unao, na watu wengi hawaupi uzito unaostahili. Ziwa Kivu liko kwenye mita 1,460 hivi, na mitaa mingi ya Bukavu iko juu zaidi ya hapo. Kwenye mwinuko huo maji yaliyo wazi huchemka kwenye nyuzi 95 hivi za Selsiasi badala ya 100, na hewa ni nyepesi kwa karibu asilimia 14 kuliko ile ya pwani, kwa hiyo kila upepo unaopita kwenye rejeta unabeba joto kidogo kuliko ambavyo ungebeba kule Mombasa au Dar es Salaam.

Sasa, injini nyingi za dizeli zimepangwa zifanye kazi kati ya nyuzi 80 na 95. Maana yake ni kwamba, kama kifuniko cha rejeta hakishiki presha, maji yako yataanza kuchemka kwenye joto ambalo kwa injini ni la kawaida kabisa. Kifuniko kizima chenye alama ya 0.9, yaani kinachohimili takriban bar 0.9 juu ya presha ya hewa, kinapandisha kiwango cha kuchemka hadi kwenye nyuzi 116 hivi hapa kwetu. Tofauti hiyo ya nyuzi 20 ndiyo akiba yako yote ya kupandia mlima, nayo inashikiliwa na mpira mmoja na springi moja ndani ya kifuniko.

Kwa hiyo, kifuniko ndicho kipuri cha kwanza kuangaliwa na ndicho cha bei ndogo kuliko vyote. Kifungue injini ikiwa baridi kabisa, utazame mpira wake wa chini: ukiwa umekauka, umepasuka au umeacha alama ya kina ya mdomo wa rejeta, kibadilishe. Kile kidude kidogo cha katikati, kinachoruhusu maji kurudi kutoka kwenye chupa ya akiba injini inapopoa, kivute kwa kucha na kuona kama kinarudi chenyewe. Usinunue kifuniko kwa kulinganisha ukubwa wa mdomo peke yake, kwa kuwa sokoni vipo vinavyoingia sawasawa lakini vina presha tofauti. Soma namba iliyochapwa juu yake na uifananishe na ile ya kifuniko halisi cha gari lako.

Mshale ukianza kupanda nikiwa mlimani, nifanye nini palepale?

Zima kiyoyozi, shusha gia, punguza mafuta, na ufungue hita ya ndani hadi mwisho pamoja na feni yake, hata kama abiria watalalamika. Hita ni rejeta ndogo ya pili, na joto linaloingia miguuni mwenu ni joto lililoondoka kwenye injini. Dereva asiyejua hung'ang'ania gia kubwa akidhani kwamba mizunguko michache ya injini italeta nafuu. Lakini kwenye gia kubwa pampu na feni zote zinazunguka polepole, na injini inabebeshwa mzigo wote kwa wakati huohuo.

Mshale usipotulia, tafuta mahali salama pa kuegesha, nje ya kona, na uweke jiwe nyuma ya gurudumu. Kuanzia hapo inategemea unachokiona. Kama hakuna mvuke wala maji yanayomwagika, usiizime injini mara moja: iache iungurume juu kidogo ya mwendo wake wa kusimama, ili pampu iendelee kuzungusha maji na feni iendelee kuvuta hewa, na kwa kawaida mshale utaanza kushuka baada ya dakika chache. Kama kuna mvuke, kama maji yanamwagika chini, au kama mkanda umekatika, zima papo hapo, kwa kuwa injini isiyo na maji inajiharibu kwa kila dakika inayoendelea kuunguruma.

Nikishasimama, naweza kufungua kifuniko lini, na je, niimwagie injini maji baridi?

Usikifungue kifuniko kabla ya saa nzima kupita, au kabla hujaweza kuushika mpira wa juu wa rejeta kwa mkono bila kuungua na kuuminya ukawa laini. Maji yaliyo juu ya kiwango chake cha kuchemka hugeuka mvuke mara presha inapoondoka, yakaruka hadi usoni. Hata baada ya kupoa, funika kifuniko kwa kitambaa kinene, kizungushe robo tu, usubiri kelele ya hewa iishe, ndipo ukitoe.

Kuimwagia injini ya moto maji ya kijito kutoka nje ni kuitafutia ufa. Kwenye injini yenye silinda hedi ya aluminiamu, kama 1KZ-TE ya lita 3 iliyo kwenye HiAce nyingi za turbo, ufa huo hutokea kirahisi na hautibiki kirahisi. Maji ya kuongeza ndani yasubiri injini ipoe, kisha uyamimine kidogokidogo, injini ikiwa imewashwa.

Fundi ameniambia tutoe thamostati na kuitupa. Nikubali?

Hapana, ila kwa dharura ya kufika nyumbani, tena si kwenye kila injini. Desturi hii imeenea sana katika karakana zetu, na inaeleweka ilikotoka: thamostati iliyoganda ikiwa imefungwa kweli huchemsha gari, na ukiitoa gari linapona. Hapo ndipo hitimisho linapotolewa kwamba kifaa hicho kiliwekwa kwa ajili ya nchi za baridi na kwamba Kivu haikihitaji.

Hitimisho hilo lina makosa mawili. La kwanza ni kwamba injini ya dizeli inayofanya kazi ikiwa baridi mno hula mafuta mengi zaidi, huchakaza silinda zake na kuichafua oili, na vani inayoteremka kutoka Ngomo kwenda Kamanyola bila thamostati itashuka mlima mzima ikiwa baridi hivyo. La pili ni zito zaidi. Kwenye injini nyingi za Toyota thamostati ina vali mbili: ya juu inafungua njia ya kwenda kwenye rejeta, na ya chini, kwa mwendo uleule, inaifunga njia ya mkato ambayo hurudisha maji kwenye injini bila kupitia rejeta. Ukiitoa, njia ya mkato inabaki wazi siku zote. Sehemu ya maji ya moto inazunguka ndani ya injini bila kupozwa hata kidogo, na gari lililokuwa likichemsha Ngomo sasa linachemsha hata likipanda kutoka ziwani kwenda Kadutu. Mwenye gari anabadilisha rejeta, anabadilisha pampu, na hakuna anayekumbuka kile kidude kilichotupwa.

Kuipima ni kazi ya nusu saa. Weka sufuria ya maji juu ya mbabula (jiko la makaa), uining'inize thamostati kwa uzi ili isiguse chini, na uweke kipimajoto pembeni yake. Iliyoandikwa 82 inatakiwa kuanza kuachia kwenye nyuzi 82 hivi: utaona ukingo wa vali ukijitenga taratibu, kwanza kama uzi mweusi, kisha nafasi ya kupitisha ncha ya bisibisi. Maji yanapotokota, ambayo hapa ni kwenye nyuzi 95, iwe imefunguka vizuri, kwa kiasi cha milimita 8 au zaidi. Ukiitoa kwenye maji inafaa ijifunge yenyewe hadi mwisho. Ikishindwa lolote kati ya hayo, nunua nyingine yenye namba ileile, na uhakikishe ile mpya ina vali ya chini kama ya zamani ilikuwa nayo. Ipime hiyo mpya vilevile kabla ya kuifunga. Kipuri kipya kibovu si ajabu siku hizi.

Nitumie maji gani kwenye rejeta? Ya ziwa yanafaa?

Maji ya Ziwa Kivu ni kati ya maji mabaya kabisa kwa rejeta, ingawa yanaonekana safi. Ziwa hili, kwa sababu ya chemchemi za kivolkano zinazoingia chini yake, lina chumvi nyingi zilizoyeyuka, za bikaboneti na magnesi, na maji yake yanapopashwa joto mara kwa mara huacha utando mgumu kwenye kuta za mirija. Utando mwembamba tu unatosha kuzuia joto lisipite kwenda kwenye chuma.

Kinachofaa ni kulanti, yaani kimiminika maalumu cha kupozea injini, iliyokwisha kuchanganywa tayari, au kulanti nzito uliyoichanganya mwenyewe nusu kwa nusu na maji yaliyosafishwa, kama yale yanayouzwa kwa ajili ya betri. Usiitazame kulanti kama dawa ya baridi ambayo haituhusu. Mchanganyiko huo huchemka kwa kuchelewa kuliko maji matupu, na zaidi ya hapo una viambato vya kuzuia kutu ndani ya injini na pampu. Usichanganye rangi mbili usizozijua, kwa kuwa baadhi ya aina zikikutana huganda kama uji.

Ukikosa vyote, maji ya mvua ndiyo nafuu bora, nayo Bukavu haina uhaba wake kuanzia Septemba hadi Mei. Yakinge baada ya mvua kuosha bati kwanza, uyachuje kwa kitambaa, na uweke lita kumi nyuma ya kiti siku zote.

Rejeta yangu inaonekana safi kwa nje. Inaweza kuwa imeziba?

Inaweza. Kwanza, hiyo sura ya nje inayoonekana safi huenda ni uso wa kondensa ya kiyoyozi iliyo mbele yake, na uchafu wenyewe umejificha kati ya hizo mbili: tope la Nyangezi lililokauka, mbegu za nyasi, wadudu. Ingiza taa ya mkono pembeni uone. Osha kwa maji ya presha ndogo kutoka upande wa injini kuelekea nje, kinyume cha njia ambayo uchafu uliingilia. Zile mashine za kuoshea magari zinazotoa maji kwa nguvu hukunja vile vipande vyembamba vilivyo kati ya mirija, na vikishakunjwa hewa haipiti tena.

Kwa ndani, iendeshe gari hadi ipate joto, uizime, kisha upitishe kiganja karibu na uso wa rejeta bila kugusa feni. Joto linapaswa kubadilika taratibu kutoka upande maji yanakoingilia hadi upande yanakotokea. Ukikutana na eneo la baridi katikati ya eneo la moto, mirija ya hapo haipitishi maji. Rejeta ya zamani ya shaba inaweza kufunguliwa, ikazibuliwa kwa ufito na kulehemiwa upya kwa risasi, na wapo mafundi wazee Bukavu wanaoifanya kazi hiyo kwa ustadi mkubwa. Ya aluminiamu yenye vichwa vya plastiki haistahimili matibabu hayo. Ni afadhali fedha hizo ziende kwenye mpya.

Nitajuaje kama feni ndiyo yenye kosa?

HiAce na Delica nyingi zina feni inayozungushwa na injini kupitia klachi yenye mafuta mazito ya silikoni ndani yake. Gari likipata joto, klachi inashika na feni inavuma kwa sauti unayoisikia wazi. Dereva aliyezoea gari lake huisikia sauti hiyo kwenye mlima wowote mrefu, na asipoisikia ajiulize. Injini ikiwa ya moto na imezimwa kabisa, ufunguo ukiwa mfukoni mwako, izungushe feni kwa mkono: ikikataa kidogo na kusimama mapema, klachi ni nzima, ikizunguka mara nyingi kama pia, imekwisha. Michirizi ya mafuta yenye vumbi katikati yake inasema hivyohivyo.

Tazama pia ule mfuniko wa plastiki unaoizunguka feni. Kwenye magari yaliyotumika mara nyingi umevunjika, au fundi fulani aliutoa ili kufikia mkanda na hakuurudisha. Bila huo, feni inavuta hewa ya pembeni badala ya kuivuta kupitia rejeta. Mkanda uliolegea, nao, hufanya pampu na feni vyote viteleze, na kuukaza si kazi ya fundi hata kidogo.

Je, kuigeuza vani kuwa ya kulala kunaweza kuwa ndiko kulikoleta tatizo?

Mara nyingi ndiko, na hili husahaulika kwa sababu waliofanya kazi hiyo ni maseremala na mafundi wa kuchomelea, si mafundi wa injini. Kwenye HiAce na Delica za zamani injini iko chini ya viti vya mbele. Joto lake hutoka kupitia nafasi zilizo chini na nyuma ya sanduku hilo, na mtengenezaji alizihesabu nafasi hizo. Mwenye gari anapotaka kulala kwa raha, hufunika sanduku la injini kwa zulia, juu yake sponji, juu yake ubao, kisha anaziba mianya ya chini ili vumbi lisiingie. Sasa hewa ya moto haina pa kutokea, na joto linabaki palepale kwenye injini na mipira yake. Kizuizi cha joto kinachofaa kiwe upande wa ndani wa sanduku pekee, kiwe cha aina isiyoshika moto, na mianya ya chini na nyuma ibaki wazi. Godoro lisikae juu ya sanduku gari likiwa safarini.

Halafu kuna uzito. Tangi la lita 100 ni kilo 100, betri mbili kubwa ni zaidi ya kilo 40, na kitanda cha mbao ngumu zetu ni kizito kuliko wengi wanavyokisia. Vani inayopanda Ngomo na vitu hivyo vyote, watu wanne, mitungi ya gesi na magunia mawili ya mchele yaliyonunuliwa Uvira, haina tofauti na lori dogo lililojazwa. Tangi la maji libebwe tupu kwenye mpando na lijazwe mwisho wa safari. Hilo halina gharama yoyote.

Mwisho, angalia uso wa gari. Vyuma vizito vya kujikinga, taa za ziada, gurudumu la akiba lililofungwa mbele, hata ubao wa namba uliowekwa katikati ya matundu ya hewa, vyote vinakaa mbele ya rejeta. Wenye magari hupenda sura hiyo ya kibabe, na injini hulipa.

Nilibadilisha maji yote, na sasa gari linachemsha kuliko kabla. Kwa nini?

Karibu kila mara ni hewa iliyonaswa. Vani ina mabomba marefu, hasa ikiwa na hita ya pili nyuma, na hewa hukaa kwenye sehemu ya juu kabisa ikizuia maji kupita. Egesha gari pua ikiwa juu ya mlima, jambo ambalo mjini Bukavu huna haja ya kulitafuta mbali. Fungua hita zote mbili hadi mwisho, jaza maji polepole, washa injini kifuniko kikiwa wazi, na uiminye mipira mikubwa kwa mkono huku mapovu yakitoka. Endelea kuongeza maji hadi thamostati ifunguke, utakapoona maji yakishuka ghafla na mpira mwingine wa rejeta ukipata moto. Kama gari lako lina skrubu ya kutolea hewa, ilegeze hadi itoke maji tupu, uikaze. Funga kifuniko, jaza chupa ya akiba, kisha ukague tena kesho yake asubuhi.

Mshale ulikuwa katikati muda wote, lakini gari limetoa mvuke. Geji imeharibika?

Si lazima. Kipima joto cha injini hupima maji kikiwa kimezama ndani yake. Maji yakishaisha, kinabaki hewani na mshale unaweza hata kushuka wakati injini inaungua. Isitoshe, geji za magari mengi zimepangwa zisimsumbue dereva, kwa hiyo mshale hukaa katikati kwa nyuzi nyingi kabla ya kusogea. Hita inayopuliza hewa baridi ghafla, wakati gari ni la moto, ni onyo la kuaminika zaidi kwamba maji yamepungua. Geji ya ziada yenye namba, iliyofungwa kwenye njia ya maji yanayotoka kwenye injini, ni kati ya vitu vichache vya nyongeza ambavyo ningemshauri kila mwenye vani anunue kabla ya redio.

Nitajuaje kama gasketi ya silinda hedi imeungua?

Dalili haziji zote pamoja. Maji yanapungua kila wiki bila doa lolote chini ya gari. Mipira ya rejeta inakuwa migumu kama jiwe dakika mbili tu baada ya kuwasha injini ya baridi, kwa sababu presha ya mwako inaingia kwenye maji. Kifuniko kikiwa wazi, mapovu yanatoka mfululizo, na yanaongezeka ukikanyaga mafuta. Moshi mweupe mzito wenye harufu tamu unaendelea hata gari likishapata joto. Oili kwenye kijiti cha kupimia inafanana na chai ya maziwa, ingawa povu jepesi chini ya kifuniko cha oili pekee linaweza kuwa unyevu tu wa gari linalofanya safari fupi.

Usikubali kufunguliwa injini kwa dalili moja. Kuna kipimo cha dawa ya buluu inayowekwa kwenye mdomo wa rejeta na kugeuka njano ikikutana na gesi ya mwako, na kuna pampu ya kupimia presha ambayo huonyesha kama mfumo unavuja. Karakana isiyo na hata kimoja kati ya hivyo haifai kukufungulia silinda hedi.

Silinda hedi imefunguliwa. Nibadilishe gasketi tu, niichonge, au ninunue injini ya mtumba?

Gasketi peke yake juu ya silinda hedi iliyopinda ni fedha iliyotupwa. Hedi ipelekwe kwenye karakana ya kuchonga vyuma, ioshwe, ipimwe ulalo kwa rula ya chuma na vipimo vyembamba, na ikaguliwe nyufa kwa presha. Kupinda kunakokubalika ni sehemu ndogo sana ya milimita, na kila injini ina kikomo chake kwenye kitabu cha mtengenezaji. Nyufa zinazotokea kati ya vali za 1KZ-TE ni ugonjwa unaojulikana, na kuzichomelea kunategemea sana mkono wa mchomeleaji. Mimi ningenunua hedi nyingine. Bolti zinazonyooka zikikazwa zisirudiwe kutumiwa, na zote zikazwe kwa spana ya kipimo, kwa mpangilio wa kuanzia katikati kwenda nje.

Injini ya mtumba inavutia kwa sababu kazi inakwisha siku mbili. Lakini nayo iliondolewa kwenye gari fulani kwa sababu fulani, na ukiifunga kwenye rejeta ileile, kifuniko kilekile na feni ileile, utarudi karakanani kwa njia uliyojia.

Je, dawa za kuziba uvujaji, au yai na pilipili manga, vinasaidia?

Vinaweza kukufikisha Bukavu kutoka Nyangezi. Baada ya hapo vitoe vyote kwa kusafisha mfumo mzima, maana havichagui tundu: vinaziba mirija ya hita na ya rejeta pia.

Ninataka kununua vani iliyotumika. Nikague nini kuhusu joto kabla ya kulipa?

Mwombe muuzaji asiiwashe kabla hujafika, na uguse injini mwenyewe kuhakikisha ni ya baridi. Fungua rejeta: maji ya rangi ya kutu, au maji matupu yasiyo na kulanti, yanakueleza jinsi gari lilivyotunzwa. Ingiza kidole chini ya mdomo. Utando mweupe mgumu au utelezi wa oili ni sababu ya kuondoka. Tazama kama bolti za silinda hedi zina alama mpya za spana na kama kuna gundi ya gasketi iliyojitokeza pembeni. Uliza waziwazi kama thamostati imo.

Kisha iendeshe, lakini si kwenye barabara aliyoichagua muuzaji. Ishushe hadi karibu na ziwa na uipandishe Kadutu ikiwa na watu watano ndani, kiyoyozi kikiwa kimewashwa, kisha uiache iungurume robo saa imesimama. Ikipoa, fungua tena rejeta uone maji yako wapi. Muuzaji anayekataa zoezi hilo amekujibu.

Kulanti ya zamani niimwage wapi?

Isiende mferejini wala ziwani. Kulanti nyingi zina ethilini glikoli, ambayo ni sumu yenye ladha tamu, na mbwa au mtoto akiikuta kwenye beseni uani atainywa. Ikinge yote kwenye kidumu chenye kifuniko, uandike juu yake kwa wino usiofutika, na usitumie kidumu kilichokuwa cha mafuta ya kula au cha juisi. Mtu yeyote akiinywa, hata kama haonyeshi dalili, apelekwe hospitali mara moja pamoja na kidumu chenyewe, ili daktari ajue anachotibu.